Paka Wetu ni wa Aina Gani? Maelezo juu ya Mbari za Paka, Sura na Tabia Zao

Utangulizi

Katika somo la insha za maelezo tuliwapa wanafunzi wetu kazi ya kumweleza mnyama mmoja anayefugwa nyumbani kwao. Wengi waliandika juu ya ng'ombe, kama inavyotarajiwa nchini Rwanda. Mwanafunzi mmoja kutoka Bugarama aliandika hivi: "Nyumbani tuko na paka moja. Paka yetu iko na rangi ya majivu na milia. Siyo paka ya aina." Aliposoma mbele ya darasa, wenzake walicheka. Baadhi yao walicheka kwa sababu ya upatanisho wa kisarufi. Wengine walicheka kwa sababu ya sentensi ya mwisho, kwani waliona kwamba paka wa nyumbani hawezi kuulizwa habari za aina yake.

Sisi hatukucheka sana, kwa sababu tulitambua kwamba hatukuwa na jibu. Je, kuna paka "asiye wa aina"? Na kama aina zipo, ni zipi, zinatofautianaje kwa sura na kwa tabia, na nani aliyezipanga? Makala haya yanakusudia kujibu maswali hayo kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Tutaeleza mbari za paka zinazojulikana sana duniani, kisha tutarudi kwenye paka wa Afrika Mashariki na wa hapa Rusizi. Mwishoni tutaonyesha jinsi mada hii inavyoweza kutumika darasani, maana ndani yake mna msamiati na sarufi ya kutosha vipindi kadhaa.

Mbari ni nini?

Neno "aina" ni pana mno. Tunasema aina ya nguo, aina ya chakula, aina ya watu. Wafugaji wa ng'ombe hupenda neno "mbegu", na humtofautisha ng'ombe wa kienyeji na ng'ombe wa kisasa, na aliye kati yao humwita chotara. Katika makala haya tutatumia neno "mbari", ambalo maana yake ya kwanza ni ukoo. Tumelichagua kwa sababu linabeba wazo la nasaba: wanyama wa mbari moja wanatoka katika wazazi wanaojulikana, wanafanana, na wakizalishwa wao kwa wao hupata watoto wanaofanana nao.

Kwa ng'ombe, mbuzi na mbwa, mbari nyingi zilitokana na kazi. Mfugaji alitaka maziwa, nyama, au mbwa wa kuwinda. Paka hakupewa kazi nyingi. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuua panya, nayo aliifanya bila kufundishwa. Kwa hiyo kwa maelfu ya miaka binadamu hakuona haja ya kumchagulia paka mwenzi wa kuzaa naye. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani ulimwenguni wametokana na paka mwitu wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati. Huyo ni mnyama wa rangi ya mchanga mwenye milia hafifu, na mpaka leo jamaa zake wanaishi katika mbuga za Afrika Mashariki. Huko Saiprasi wanaakiolojia walifukua kaburi la miaka 9,500 hivi iliyopita ambamo paka alizikwa kando ya binadamu. Urafiki huo basi ni wa zamani sana. Mbari, kwa upande mwingine, ni jambo la juzi.

Tarehe inayotajwa zaidi ni tarehe 13 Julai, 1871. Siku hiyo Mwingereza Harrison Weir aliandaa maonyesho makubwa ya paka katika jumba la Crystal Palace, London, naye ndiye aliyeandika vigezo vya kuwapimia: kichwa kiweje, macho yawe ya rangi gani, manyoya yawe marefu kiasi gani. Tangu hapo vyama vya wafugaji vimekuwa vikiandika vigezo, vikiweka daftari za nasaba na kutoa vyeti. Paka wa mbari fulani, kwa hiyo, ni paka ambaye kamati imemkubali na wazazi wake wameandikwa. Paka wengi kabisa duniani hawamo katika daftari hizo.

Msomaji wa Kiswahili ataona hapa jambo analolifahamu. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kuisimamia kazi hiyo. Lahaja nyingine hazikufa siku hiyo, wala hazikuacha kuwa Kiswahili. Zilibaki nje ya daftari tu. Tutalirudia jambo hili baadaye.

Mbari zinazojulikana sana

Zipo mbari kadhaa kadhaa zinazotambuliwa na vyama vya kimataifa, na idadi hutofautiana kutoka chama kimoja hadi kingine. Hatuwezi kuzieleza zote. Tumechagua zile ambazo mwanafunzi anaweza kukutana nazo katika vitabu, filamu na kalenda.

Paka wa Uajemi. Huyu ana manyoya marefu laini yanayofunika mwili wote, kichwa cha mviringo, masikio madogo, miguu mifupi minene, na uso uliobonyea kana kwamba umesukumwa nyuma. Tabia yake ni ya utulivu. Hupenda kukaa mahali pamoja, hapandi juu ya makabati, na halii sana. Lakini uzuri wake una gharama. Manyoya yasipochanwa kila siku hujisokota na kuwa mafundo. Pua iliyobonyea humletea shida ya kupumua, na macho hutokwa machozi. Aidha, ugonjwa wa kurithi wa figo umeenea katika mbari hii.

Paka wa Siam. Asili yake ni Thailand, iliyoitwa Siam zamani. Mwili wake ni mwembamba, kichwa kama pembetatu, masikio makubwa, macho ya buluu. Kiwiliwili ni cheupe au rangi ya maziwa, ila uso, masikio, miguu na mkia ni vya rangi iliyokolea. Sababu yake inavutia: kimeng'enya kinachotengeneza rangi katika ngozi yake hufanya kazi pale tu penye ubaridi. Ndiyo maana sehemu za pembeni, zenye baridi, ndizo zinazopata rangi, na ndiyo maana watoto huzaliwa weupe, kwa kuwa tumboni mwa mama kuna joto. Paka wa namna hii akilelewa katika joto la bonde la Bugarama, tungetarajia abaki mweupeweupe kuliko ndugu yake aliyelelewa kwenye baridi ya vilima vya kando ya msitu wa Nyungwe. Kwa tabia, yeye ni msemaji. Hulia kwa sauti kubwa, humfuata mwenye nyumba chumba kwa chumba, na huchukia kuachwa peke yake.

Paka wa Uhabeshi. Manyoya yake ni mafupi, na kila unywele una pete za rangi mbili au tatu, hivyo kwa mbali huonekana kama sungura mwitu au kama mchanga uliopigwa na jua. Hana milia mwilini. Ni mwepesi, mdadisi, mpandaji, na hakai mapajani kwa muda mrefu.

British Shorthair. Huyu ni paka wa Uingereza, mnene, mwenye mashavu ya duara na manyoya mafupi yaliyosongamana, mara nyingi ya rangi ya kijivu chenye ubuluu. Ni mtulivu sana. Anapenda kuwa karibu na watu lakini hapendi kubebwabebwa.

Maine Coon. Ametokea jimbo la Maine, Marekani, na ni miongoni mwa paka wakubwa kuliko wote wa nyumbani. Dume huweza kufikia kilo 8 au zaidi. Ana manyoya mazito ya kumkinga na theluji, vishungi kwenye ncha za masikio, na mkia kama ufagio. Licha ya ukubwa wake ni mpole, na huelewana na watoto na hata mbwa.

Ragdoll. Mbari hii ilianzishwa na Ann Baker huko California katika miaka ya 1960. Ni paka mkubwa, mwenye macho ya buluu na manyoya ya urefu wa wastani. Jina lake lina maana ya mwanasesere wa matambara, kwa sababu akibebwa hulegea mwili mzima.

Scottish Fold. Mwaka 1961 huko Uskoti alipatikana paka jike, aliyepewa jina la Susie, ambaye masikio yake yalikunjamana mbele. Uso wake ulifanana na wa bundi, watu wakampenda. Baadaye iligundulika kwamba kasoro inayokunja masikio haiishii masikioni, bali huharibu gegedu mwili mzima na kumletea paka maumivu ya viungo. Chama kikuu cha wafugaji wa paka Uingereza kiliacha kuisajili mbari hii tangu miaka ya 1970.

Sphynx. Huyu hana manyoya, au ana vinyweleo laini kama vya ganda la pichi. Alianzia Toronto, Kanada, mwaka 1966, kutokana na badiliko la ghafla la kinasaba. Ni mchangamfu na hutafuta joto la watu. Ngozi yake hutoa mafuta, kwa hiyo huogeshwa mara kwa mara.

Bengal na Savannah. Hawa ni chotara wa paka wa nyumbani na paka wa mwituni. Bengal alitokana na paka chui mdogo wa Asia, na Mmarekani Jean Mill ndiye aliyeikuza mbari hiyo. Savannah wa kwanza alizaliwa Marekani mwaka 1986 kutokana na mnyama ambaye Waswahili humwita mondo na Wanyarwanda humwita imondo. Msomaji aone jinsi majina hayo mawili yanavyofanana, dalili ya undugu wa lugha zetu za Kibantu. Mondo ana miguu mirefu, masikio makubwa yaliyosimama na madoa meusi, naye yumo katika msitu wa Nyungwe, ambao sehemu yake iko katika wilaya yetu ya Rusizi. Uzao wa karibu na mwitu huhitaji nafasi kubwa na uangalizi, wala haufai kwa nyumba ya kawaida.

Jina la mahali si cheti cha kuzaliwa

Walimu wa lugha tuwe waangalifu na majina ya mbari. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba paka wa Uajemi wa leo wanakaribiana zaidi na paka wa Ulaya Magharibi kuliko na wale wa Mashariki ya Kati. Vilevile paka wa Uhabeshi, ambaye Waingereza walidai alitoka Uhabeshi baada ya vita vyao huko mwaka 1868, vinasaba vyake vinaelekeza kwenye mwambao wa Bahari ya Hindi na Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa hiyo jina hutuambia mfanyabiashara au mfugaji alifikiri nini, si lazima litueleze asili. Sisi wenyewe tunasema "viazi ulaya", ingawa viazi hivyo asili yake ni Amerika ya Kusini.

Sokoke: mbari iliyotoka kwetu

Sasa tufike kwenye habari ambayo wanafunzi wetu hawakuitarajia. Ipo mbari ya paka inayotambuliwa kimataifa ambayo imetoka katika mwambao wa Waswahili, nayo inaitwa Sokoke. Jina hilo linatokana na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, ulioko Kilifi nchini Kenya, karibu na Watamu na magofu ya Gede.

Mwaka 1978, Jeni Slater, mkazi wa eneo hilo, aliona katika shamba lake la minazi watoto wa paka wenye mabaka yasiyo ya kawaida. Aliwachukua na kuwafuga. Rafiki yake Gloria Moeldrup, wa Denmark, alipeleka baadhi yao nchini kwake, na mwaka 1984 walionyeshwa Copenhagen. Mwaka 1993 Shirikisho la Kimataifa la Paka, FIFe, liliitambua mbari hiyo. Kwa kuwa waliopelekwa walikuwa wachache na walikuwa wakizaana ndugu kwa ndugu, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi jingine lilichukuliwa kutoka eneo lilelile ili kuongeza damu mpya.

Sokoke ni mwembamba, mwenye miguu mirefu, na miguu ya nyuma imezidi ile ya mbele, kwa hiyo hutembea kama anayenyata kwa ncha za vidole. Manyoya yake ni mafupi na yamelala ngozini, hayana tabaka zito la ndani, jambo linalofaa joto la pwani. Macho ni ya rangi ya kaharabu au kijani hafifu. Mwilini ana mabaka ya kahawia yaliyozungukazunguka, na hata ndani ya mabaka meusi zimo nywele zenye pete za rangi, hivyo mwili wote huonekana kama gamba la mti. Akilala chini ya mwembe huwezi kumwona kwa urahisi. Kwa tabia ni mwenye nguvu, mpandaji hodari, tena mwenye kushikamana sana na jamaa yake. Hapendi baridi.

Vitabu vya wafugaji vinaeleza kwamba Wagiriama walimfahamu paka huyu zamani, wakamwita "kadzonzo", nao hufasiri jina hilo kuwa "anayefanana na gamba la mti". Mwalimu wa Kiswahili hatakosa kuona kiambishi ka- mwanzoni mwa neno hilo. Kigiriama hukitumia kuonyesha udogo, kama katika "kahoho", yaani mtoto. Kinyarwanda nacho kina aka- katika umoja na utu- katika wingi. Kiswahili sanifu hutumia ki- na vi- badala yake. Mara nyingi wafugaji wa Ulaya huandika jina hilo kwa "kh", tahajia isiyotuonyesha tena kiambishi. Kwa hiyo mnyama alipata cheti, lakini jina alilopewa na wenyeji lilipotea njiani kidogo.

Uchunguzi ule wa mwaka 2008 ulijumuisha pia paka wa visiwa vya Lamu na Pate. Sokoke alionekana kuwa karibu na paka hao wa mwambao. Hii ina maana kwamba yule aliyeonyeshwa Copenhagen na yule anayesubiri vichwa vya samaki katika gati ya Lamu ni jamaa. Tofauti yao ni kwamba mmoja aliandikwa na mwingine hakuandikwa.

Paka wa Rusizi na rangi zake

Tukirudi nyumbani, paka wa Kamembe, Bugarama na vilima vya kandokando si wa mbari yoyote iliyoandikwa. Hata hivyo wana sura zinazoweza kuelezwa kwa usahihi, na Kiswahili kina maneno ya kutosha. Tatizo ni kwamba wanafunzi huandika "paka mwenye rangi nyingi" na kuishia hapo. Tunapendekeza watofautishe haya:

Milia ni mistari iliyosimama ubavuni, kama ya punda milia. Hii ndiyo sura ya asili ya paka, aliyoirithi kwa babu yake wa mwituni.

Mabaka ni sehemu pana zisizo na umbo moja, kama za Sokoke. Watafiti walitangaza mwaka 2012 kinasaba kinachogeuza milia kuwa mabaka. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2017, uliotumia mifupa ya kale, ulionyesha kwamba mabaka yalianza kuonekana katika Zama za Kati tu.

Madoa ni alama ndogondogo za duara zilizotengana, kama za mondo.

Rangi moja ni nyeusi, nyeupe, kijivu au hudhurungi bila alama.

Rangi tatu ni nyeusi, nyeupe na ya machungwa kwa pamoja. Paka wa rangi tatu karibu wote ni majike. Kinasaba cha rangi ya machungwa kiko kwenye kromosomu ya X. Jike ana kromosomu mbili za X, kwa hiyo anaweza kuwa na rangi ya machungwa kutoka upande mmoja na nyeusi kutoka upande wa pili. Dume ana X moja tu. Mwaka 2025 watafiti wa Japani na Marekani walitangaza kwamba wamekitambua kinasaba chenyewe.

Kuhusu paka mweusi, hatuna budi kusema neno. Wako watu katika sehemu zetu wanaomhusisha na uchawi, wakampiga mawe au kumwua. Weusi wa paka ni rangi tu, iliyorithiwa kama weusi wa mbuzi. Katika nyumba za Waislamu mjini Kamembe paka huheshimiwa bila kujali rangi yake, na wanafunzi wa dini wanamjua Abu Huraira, sahaba wa Mtume, ambaye lakabu yake ina maana ya baba wa kijipaka. Muuza mchele au maharagwe anayelala na magunia yake anajua thamani ya paka kuliko sisi wenye kalamu. Paka akiondoka, panya hutawala.

Tabia: ni mbari au ni malezi?

Msomaji anaweza kuuliza: kama paka wetu hana mbari, nitajuaje tabia yake? Swali hili ni la maana kwa anayetaka kuleta paka nyumbani penye watoto.

Ni kweli kwamba mbari huchangia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, walichapisha uchunguzi wa paka zaidi ya 5,000. Waligundua kwamba mbari hutofautiana katika uchangamfu, woga na ukali, na British Shorthair alikuwa miongoni mwa wasiopenda kuhangaika. Katika mbari walizozichunguza kwa undani, takriban nusu ya tofauti za tabia ilitokana na urithi. Nusu iliyobaki ilitokana na mambo mengine, na kubwa kati yake ni malezi ya mwanzo.

Mtoto wa paka ana kipindi maalumu, kuanzia juma la pili hadi la saba hivi tangu kuzaliwa. Akishikwashikwa kwa upole na watu mbalimbali katika majuma hayo, huwazoea binadamu maisha yake yote. Akikulia darini bila kuguswa, huwa mwoga na mkali hata kama mama yake ni mpole. Hapa ndipo anapopatikana yule tunayemwita paka shume, anayezurura na kuiba. Mara nyingi watu husema ana roho mbaya. Ukweli ni kwamba hakuna aliyemgusa kwa wakati wake. Aidha, asinyang'anywe mama mapema; majuma 8 ni kiasi kidogo kabisa, na ni bora yakizidi. Tukumbuke pia kwamba kichaa cha mbwa huambukizwa hata na paka, kwa hiyo apelekwe kwa daktari wa mifugo apate chanjo.

Neno juu ya sarufi

Turudi kwa sentensi ya mwanafunzi wetu: "Paka yetu iko na rangi ya majivu." Katika Kiswahili sanifu, majina ya viumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA hata kama umbo lake ni la ngeli ya I-ZI. Kwa hiyo tunasema paka wetu, paka mmoja, paka huyu ana rangi ya majivu, paka hawa wamelala. Lakini mwalimu asimsahihishe mwanafunzi kabla ya kuelewa alikotoka. Katika Kinyarwanda, "injangwe" imo katika ngeli inayolingana na I-ZI, na tunasema "injangwe yanjye". Ng'ambo ya mto, katika Kiswahili cha Bukavu, "paka yangu" na "tuko na paka" ndiyo mazungumzo ya kila siku, na watu wa Rusizi wamefanya biashara na Bukavu kwa Kiswahili hicho tangu zamani. Tena, Kiswahili sanifu chenyewe kinakubali "rafiki yangu" na "ndugu yangu", na hata kwa wazawa wa pwani husikika "mbuzi zangu". Mwanafunzi hakukosa akili. Alifuata kanuni aliyoirithi.

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, tunawafundisha watu wengi zaidi wanaokuja na Kiswahili chao cha sokoni. Lazima tuwape usanifu, kwa sababu mtihani, gazeti na ofisi vinaudai. Lakini tukiwaambia kwamba walichokuja nacho "si Kiswahili", tunafanya kosa lilelile la kusema paka wa kienyeji "si paka wa aina".

Matumizi darasani

Tunapendekeza mazoezi matatu, ambayo tumeyajaribu na kuona faida yake.

Kwanza, kila mwanafunzi amchunguze paka mmoja kwa siku tatu, kisha aandike aya mbili: ya kwanza juu ya sura (umbo la kichwa, masikio, macho, manyoya, mkia, mwendo), ya pili juu ya tabia. Maneno "mzuri" na "mbaya" yasitumike.

Pili, darasa likusanye majina ya paka katika lugha zinazozungumzwa eneo letu na jirani: injangwe katika Kinyarwanda, akayabu katika Kirundi, nyau na paka katika Kiswahili, kkapa katika Luganda. Wajadili lipi limeiga sauti ya mnyama, na lipi limegeuza mpangilio wa silabi za neno "paka".

Tatu, wageuze aya iliyoandikwa kwa mazungumzo ya sokoni iwe ya sanifu, kisha waeleze kila badiliko walilofanya na sababu yake. Asiyeweza kueleza sababu hajajifunza, amekariri.

Hitimisho

Tumeona kwamba mbari za paka ni chache ukilinganisha na paka waliopo, kwamba nyingi ni za karne moja na nusu iliyopita, na kwamba ziliamuliwa na kamati. Baadhi zina uzuri usio na madhara, na nyingine zimemtesa mnyama kwa ajili ya macho ya watu. Tumeona pia kwamba paka wa shamba la minazi la Watamu aligeuka kuwa paka wa maonyesho bila kubadilika hata unywele mmoja. Kilichobadilika ni kwamba mtu alimtazama kwa makini na kumwandika.

Yule mwanafunzi wa Bugarama aliiandika upya insha yake. Sentensi ya mwisho safari hii ilisomeka: "Paka wetu ni wa kienyeji, ana milia kama babu zake, na ameulinda mchele wetu miaka minne." Tulimpa alama nzuri. Walimu wenzetu wakipata insha za namna hiyo, tunawaomba watuletee ili tuzichapishe katika matoleo yajayo.